Je, Wajua? Kutoka RB Hadi Kizimbani

Je, wajua kwamba ukiibiwa Tanzania Bara ukaenda kuripoti, kesi itakayofunguliwa si yako? Utapewa namba ya RB (Report Book, kitabu cha taarifa cha polisi) na kuandikisha maelezo, lakini jalada likifika mahakamani, anayeshtaki ni Jamhuri. Wewe unabaki shahidi. Ndiyo maana kauli ya "tumeshayamaliza nyumbani" haitoshi kuifuta kesi nzito.

Je, wajua kwamba saa ya ukutani inaweza kumwokoa mtuhumiwa? Akishakamatwa, polisi wana saa 4 za kumhoji, bila kuhesabu muda wa kumfikisha kituoni. Afisa anayeongoza upelelezi wa kesi hiyo aweza kuongeza hadi saa 8, au mahakama iombwe muda zaidi. Zikipita kimyakimya, maelezo ya onyo, yaani yale anayoandikisha mtuhumiwa baada ya kuonywa, hata kama amekiri kila kitu, yamo hatarini kutupwa. Mahakama ya Rufani imeyatupa mara nyingi, hata katika kesi za mauaji. Wengi hukasirika wakisikia hivyo. Mimi naona saa hizo zinamlinda hata asiye na hatia anayebanwa akiri usiku wa manane.

PF3, ile fomu ya majeruhi inayojazwa na daktari, nayo ina mtego wake. Hakimu hana budi kumweleza mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aitwe ahojiwe. Akilisahau hilo, fomu inaweza kuondolewa kwenye ushahidi wakati wa rufaa.

Magazeti hupenda kuandika kuwa mshtakiwa wa mauaji "hakutakiwa kujibu chochote". Si upendeleo. Mahakama anayofikishwa kwanza haina mamlaka ya kusikiliza kosa hilo; kesi yenyewe ni ya Mahakama Kuu. Basi hurudishwa mahabusu, tena bila dhamana, huku tarehe baada ya tarehe akisikia upelelezi haujakamilika. Kwa jirani zetu Wakenya, Katiba ya 2010 inamruhusu hata mshtakiwa wa mauaji kuomba dhamana.

Na je, wajua nani anaweza kuizima kesi yote? Ni Mkurugenzi wa Mashtaka, wakati wowote kabla ya hukumu. Ila kuachiwa huko si kushinda kesi: zamani mtu aliweza kukamatwa tena akiwa bado viwanja vya mahakama, akashtakiwa upya kwa kosa lilelile; sasa sheria inataka kwanza ushahidi uwe wa kutosha na kesi iwe tayari kusikilizwa. Kenya, mwenye cheo kama hicho haondoi kesi mpaka mahakama imruhusu.