Nakala ya Pili: Kusalia na Kupotea kwa Vipindi vya Runinga vya Miaka ya 1970

Utangulizi

Mtafiti wa tamthilia ya jukwaani ambaye hakuliona onyesho lenyewe walau hubaki na mswada. Mtafiti wa tamthilia ya runinga ya miaka ya 1970 mara nyingi hubaki na jina la kipindi na saa ya kurushwa kwake, kama vilivyochapishwa katika ratiba ya gazeti. Makala hii inaeleza jinsi hali hiyo ilivyotokea nchini Uingereza, ambako historia ya upotevu huo imefuatiliwa kwa karibu, kisha inaugeukia Kiswahili kilichosemwa runingani katika muongo uleule. Hoja yetu ni kwamba sehemu kubwa ya vilivyookoka haikuokolewa na uamuzi wa hifadhi. Iliokolewa na nakala ya pili iliyokuwa mahali pengine, ambayo kwa kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya biashara au kwa mapenzi ya mtu binafsi.

Kanda iliyofutwa

Kanda ya sumaku ya upana wa inchi mbili, iliyoletwa sokoni na kampuni ya Ampex mwaka 1956, ilikuwa ghali, nzito na yenye kuchukua nafasi kubwa. Sifa yake iliyowavutia wahasibu ni kwamba iliweza kufutwa na kutumika tena. Makubaliano na chama cha waigizaji yaliweka ukomo wa marudio. Muda ukipita, kipindi hakikuweza kurushwa tena pasipo mapatano na malipo mapya. Aidha, BBC1 na ITV zilipoanza kurusha matangazo ya rangi mwezi Novemba 1969, vipindi vya picha nyeusi na nyeupe vilionekana kuwa bidhaa iliyochina. Tusiwadhanie waliofuta kanda kuwa wajinga. Kwa hesabu za mezani mwao, kuhifadhi kipindi kisichoruhusiwa kurudiwa kulikuwa kufuja fedha za umma.

Kasoro iliyo kubwa zaidi ilikuwa ya mgawanyo wa madaraka. Ndani ya BBC, maktaba ya filamu ilishughulika na filamu, kanda zilikuwa chini ya wahandisi, na nakala za filamu za kuuzia nchi za nje zilikuwa mikononi mwa tawi la biashara. Kila upande ungeweza kuamini kwamba mwingine unatunza, na hivyo kanda ikafutwa huku, filamu ikateketezwa kule. Ni mwaka 1978 tu ambapo aliteuliwa mtu ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchagua vipindi vya kuhifadhiwa.

Rangi iliyojificha

Athari za utaratibu huo ziliingia hadi miaka ya 1970 yenyewe. Kichekesho mashuhuri Steptoe and Son kilitengenezwa kwa rangi kuanzia mwaka 1970, lakini vipindi kadhaa vya mwanzo wa muongo huo vimetufikia kwa rangi nyeusi na nyeupe tu, kupitia kanda za nyumbani zilizokuwa kwa waandishi wake, Ray Galton na Alan Simpson. Hadithi ya Doctor Who iitwayo The Dæmons, ya mwaka 1971, ilirudishiwa rangi mwaka 1992 kwa kuoanisha filamu nyeusi na nyeupe na rekodi ya nyumbani ya mtazamaji wa Marekani.

Mfano unaostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni The Mind of Evil, hadithi nyingine ya Doctor Who ya mwaka huohuo, ambayo sehemu zake sita zilibaki katika filamu nyeusi na nyeupe. Nakala za aina hiyo zilipatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha runinga. Mawimbi ya rangi yalitakiwa kuchujwa kwanza. Pale yasipochujwa, yalijichora kwenye filamu kama vinukta vidogo mno, na kwa miongo mitatu vinukta hivyo vilihesabiwa kuwa dosari. Baadaye wahandisi walitambua kwamba mpangilio wake ulibeba habari za rangi ya asili, wakatunga programu ya kompyuta ya kuzisoma. Sehemu tano za The Mind of Evil zilirudishiwa rangi kwa njia hiyo. Sehemu ya kwanza haikuwa na vinukta vya kutumika, ikabidi ipakwe rangi upya. Msomaji wa kawaida hataona tofauti, lakini mtafiti sharti aione: rangi ya sehemu zile tano ni ushahidi, ya sehemu ya kwanza ni makisio ya fundi hodari.

Kiswahili katika muongo uleule

Kenya ilianza matangazo ya runinga mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, na Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa rangi. Tanzania Bara ilingoja hadi miaka ya 1990. Tamthilia ya Kiingereza ilikuwa na wanunuzi ng'ambo. Kichekesho cha Kiswahili kilitengenezewa watazamaji wa kituo chake. Vinasa vya nyumbani navyo vilikuwa vya wachache. Kwa hiyo njia mbili zilizowarudishia Waingereza vipindi vyao, yaani soko la nje na kanda ya mtazamaji, kwetu zilikuwa nyembamba mno. Kanda ya kituo ikifutwa, hakuna pa kubisha hodi.

Wanaisimu wana sababu ya kujali. Kopasi zetu kubwa zimejengwa zaidi kwa magazeti na vitabu. Vichekesho vya Kenya, kama Vioja Mahakamani kilichoanza enzi za Sauti ya Kenya, hutegemea lafudhi, utani wa makabila na kuteleza kwa ulimi mbele ya hakimu, mambo ambayo mhariri wa gazeti angeyasahihisha kabla ya kuchapa.

Mwaka 1980 UNESCO ilipitisha huko Belgrade pendekezo la kulinda na kuhifadhi picha jongefu. Mwaka 2019 shirika hilo, pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, lilionya kwamba baada ya takriban mwaka 2025 kanda za sumaku zitakuwa vigumu kuchezwa, kwa kuwa mashine na mafundi wake wanatoweka. Mshauri wa sera anayekutana na mkuu wa kituo cha utangazaji aanze, basi, na swali la ofisi gani hasa inawajibika kwa kanda, si swali la bajeti. Mikataba ya waigizaji nayo itenganishe haki ya kuhifadhi na haki ya kurusha, ili mzozo wa malipo ya marudio usiwe sababu ya kufuta. Na waigizaji wa kizazi kile walio hai waitwe sasa wasikilize kilichobaki na kutaja sauti ni za nani, maana kanda nyingi za zama zile hazina maandishi juu ya jalada.