Bekapu ya Kozi Si Bekapu ya Seva

Kila muhula ukikaribia, swali huja lile lile: "Mtaalamu, bekapu ya kiotomatiki ya Moodle tumeiwasha, inakwenda kila usiku. Sasa tupandishe toleo?" Wanaouliza si wanafunzi. Ni wasimamizi wa mifumo vyuoni, watu wanaolala usingizi mnono kwa sababu kila asubuhi wanapata baruapepe kwamba kazi ya usiku imekwenda salama.

Msipandishe. Na safari hii naeleza kwa kirefu.

Mlichowasha ni bekapu ya kozi. Moodle inapita kozi moja baada ya nyingine, inafunga kila moja katika faili la .mbz, kisha, kama hamkubadilisha mpangilio, inalihifadhi ndani ya moodledata, yaani kwenye diski ile ile mnayoogopa itakufa. Diski ikienda, vyote vimekwenda. Hata ikipona, angalieni kilichomo. Kwa mpangilio wa awali, kozi zilizofichwa zinarukwa, na kozi isiyoguswa kwa siku 30 nayo inarukwa. Aliyeficha kozi za mwaka jana ili ukurasa upendeze ameziondoa kwenye bekapu, na hakuna aliyemwambia. Mipangilio ya tovuti haimo. Akaunti za watu wasiosajiliwa kwenye kozi hazimo. Programu-jalizi mlizosakinisha kwa taabu hazimo. Halafu .mbz hurejeshwa ndani ya Moodle iliyo hai, kozi kwa kozi, na siku hiyo Moodle iliyo hai ndiyo hasa mtakayokuwa hamna.

Wakishaelewa hilo, wengine hukimbilia kosa la pili: wananakili moodledata nzima kwenye diski ya nje na kupongezana. Siku ya msiba wanafungua folda ya filedir, wanakuta maelfu ya mafaili yenye majina ya herufi na tarakimu 40, hakuna .pdf wala .docx, ndipo napigiwa simu kuulizwa hiki ni kirusi gani. Si kirusi, jamani. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2010, Moodle hukokotoa SHA-1 ya maudhui ya faili na kuifanya ndiyo jina lake kwenye diski. Wahadhiri kumi wakipakia PDF ile ile, inahifadhiwa mara moja tu. Jina halisi, kozi yake na aliyelipakia vimeandikwa kwenye hifadhidata. Moodledata peke yake ni ghala ambalo daftari lake limeungua.

Kwa hiyo bekapu ya Moodle ni vitu vitatu vya wakati mmoja: hifadhidata, moodledata, na folda ya msimbo pamoja na config.php. Kikikosekana kimoja, msiite bekapu. Na ikae jengo jingine. Kituo cha OVHcloud kilipoungua Strasbourg mwezi Machi 2021, wateja ambao nakala zao zilikuwa pale pale walipoteza seva na nakala kwa pamoja.

Kuna na lile la "tunazo, lakini hatujawahi kuzirejesha." GitLab, kampuni ya waandishi wa programu, ilifuta hifadhidata yake kwa bahati mbaya tarehe 31 Januari 2017. Ilipotafuta nakala za kila siku, ikagundua kuwa zilikuwa zikishindwa kimyakimya kwa sababu toleo la zana ya kunakilia halikulingana na la hifadhidata, na barua za kuonya hazikuwa zikifika. Ikapoteza data ya saa sita hivi. Yenu mmeijaribu lini?

Haya yote yanahusu kupandisha toleo kwa sababu Moodle haina njia ya kushuka. Upgrade.php ikishabadilisha majedwali, kurudi ni kwa kurejesha nakala tu.

Sasa kazi yenyewe, haraka. Washeni hali ya matengenezo, simamisheni cron. Nakilini hifadhidata kwanza, moodledata baadaye. Cache, localcache na temp ziacheni. Rejesheni yote kwenye mashine ya majaribio, ingieni kama mwanafunzi, fungueni PDF ya muhula uliopita. Ikikataa, ishieni hapo. Ikifunguka, pandisheni huko huko kwenye majaribio kwanza. Mlio kwenye 3.9 hamrukii 4.5: nendeni 4.1 kwa PHP 7.4, kisha PHP 8.1, ndipo 4.5, nayo inataka MySQL 8.0 au MariaDB 10.6.7 kwenda juu. Msimbo mpya uwekwe kwenye folda mpya. Kuumwaga juu ya wa zamani huacha mafaili mafu yanayoleta makosa yasiyoeleweka. Programu-jalizi isiyo na toleo linalolingana iondoeni mapema, na mwambieni mhadhiri anayeitegemea kabla hajaigundua mwenyewe darasani.