Kabla ya Kusema ni Uzee, Angalieni Dawa Anazomeza

Mzee akianza kuuliza swali lilelile mara tatu asubuhi moja, wengi nyumbani husema ni umri tu. Nawaomba mkague kwanza dawa anazomeza.

Tuchukue mfano wa bibi wa miaka 70 anayemeza amitriptilini kila usiku. Ni dawa ya sonona iliyoanza kutumika miaka ya 1960. Bei yake ni nafuu, na madaktari huiandika pia kwa kipandauso na maumivu ya mishipa ya fahamu, kwa hiyo wengine wanaitumia bila kujua kuwa ni dawa ya sonona. Dawa hii huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo unaihitaji sana unapohifadhi jambo jipya. Ndiyo maana bibi huyu anaweza kusimulia harusi yake barabara, lakini asijue kama leo amekwisha kumeza vidonge vyake. Kukauka mdomo, kufunga choo na kuona ukungu hutokana na kizuizi hichohicho.

Sasa bibi anapata mafua. Mjukuu anamnunulia klorfeniramini, kile kidonge kidogo cha njano cha duka la dawa. Usingizi unasumbua, jirani anampa promethazini. Zote mbili nazo huzuia asetilikolini. Kila moja inaonekana dawa ya kawaida, ila zikikutana mwilini athari zake hujumlishwa, na ubongo wa mzee ndio unaoelemewa zaidi.

Mgongano mwingine hutokea kwenye ini. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, hukizuia kimeng'enya kiitwacho CYP2D6 ambacho husaidia kuivunja amitriptilini. Mgonjwa hajaongeza hata nusu kidonge, lakini kiwango cha amitriptilini katika damu kinapanda. Tena fluoksetini hutoka mwilini polepole, hivyo mgongano huo unaweza kuendelea wiki kadhaa baada ya kuiacha.

Halafu kuna sodiamu. Fluoksetini ikitumiwa pamoja na dawa ya presha inayoongeza mkojo, kama hidroklorothiazidi, inaweza kushusha sodiamu katika damu, hasa kwa wazee. Ikishuka sana mtu huchanganyikiwa, husahau, hata huanguka. Kipimo cha damu kinatosha kulibaini hilo.

Hata hivyo, asiache mtu dawa kwa hofu. Sonona yenyewe hudhoofisha kumbukumbu, na wapo wengi ambao akili zao hutulia baada ya kutibiwa. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu na kukosa usingizi, na sonona ikarudi.

Kusanyeni dawa zote katika mfuko mmoja: za hospitali, za dukani, za jirani na za mitishamba. Mpelekeeni daktari au mfamasia, mkamweleze usahaulifu ulianza lini na ni dawa gani iliongezwa karibu na wakati huo. Kuchanganyikiwa kukija ghafla, ndani ya saa chache au siku chache, msisubiri miadi. Nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Usahaulifu unaoletwa na dawa mara nyingi hupungua dozi ikirekebishwa au dawa ikibadilishwa. Mzee anayeweza kurudi katika hali yake asiachwe apotelee katika usahaulifu kwa sababu tu hakuna aliyekagua vidonge vyake.