Kwa nini safari ya ndege Mtwara–Mwanza hula siku

WASAFIRI wengi wanaotoka Mtwara kwenda Mwanza kwa ndege hudhani wanachelewa kwa sababu njia ya kupitia Dar es Salaam inawazungusha. Hesabu ya ramani inaonyesha vinginevyo.

Kwa mstari ulionyooka, kutoka Kiwanja cha Ndege cha Mtwara hadi cha Mwanza ni takriban kilometa 1,185. Msafiri anayebadilisha ndege Dar es Salaam huruka kwanza kilometa 400 hivi hadi Kiwanja cha Kimataifa cha Julius Nyerere, kisha nyingine 850. Jumla ni kilometa 1,250. Ziada ni kilometa 65 tu, ambazo ndege ya jeti huzimaliza kwa dakika tano hivi.

Muda, basi, hupotelea wapi?

Kwanza, ndege haiendi kwa kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ndege ya pangaboi aina ya Bombardier Q400, ambazo Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL) ilianza kuzipokea mwaka 2016, ikishafika juu hukimbia karibu kilometa 660 kwa saa. Kwa kasi hiyo, Mtwara hadi Dar es Salaam ingekuwa dakika 36. Hata hivyo safari huchukua kama saa moja, kwa sababu ndege hutembea ardhini, hupanda taratibu, hupunguza mwendo inaposhuka na pengine husubiri zamu ya kutua.

Ndiyo maana katika safari fupi jeti haina faida kubwa. Airbus A220, ambayo ATCL ilipokea ya kwanza Desemba 2018, hukimbia karibu kilometa 830 kwa saa, lakini kati ya Mtwara na Dar es Salaam huokoa dakika chache tu. Faida yake huonekana zaidi katika kipande cha kwenda Mwanza.

Pili, na hili ndilo kubwa, kuna kusubiri. Abiria hutakiwa kufika kiwanjani mapema, na akishatua Dar es Salaam hungoja ndege ya pili kwa kadiri ratiba inavyopanga. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili huweza kumwacha.

Kwa mkazi wa Kusini jambo hili si la anasa. Barabara ya Mtwara hadi Dar es Salaam ina urefu wa karibu kilometa 560, kwa kuwa hupinda kuingia bara na kuvuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 na kuondoa adha ya kivuko cha Ndundu. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara hiyo eneo la Somanga wilayani Kilwa, mabasi na malori yalikwama.

Siku kama hizo, mgonjwa anayepelekwa Muhimbili au familia inayowahi mazishi hutegemea saa ile moja ya angani.

Kwa hiyo anayepanga safari asihesabu kilometa peke yake. Ahesabu saa tangu anapofunga mlango wa nyumba yake hadi anapobisha hodi aendako, na kama ana ndege ya kuunganisha, ajiachie nafasi ya kutosha Dar es Salaam.