Je, Wajua? Mtoto wa Kericho Aliyeitikisa Porsche

Dereva wa kwanza kushinda Safari Rally mara tatu alizaliwa Kericho, kwenye nchi ya majani chai, mwaka 1932. Ni Joginder Singh.

Ushindi wa 1965, akiwa na nduguye Jaswant, aliupata kwa Volvo PV544 ya mitumba! Timu ya kiwanda cha Volvo ilikuwa imeshalikimbiza gari hilo kabla yao.

Mwaka 1974 alishinda tena, kwa Mitsubishi Lancer, gari dogo la Kijapani. Björn Waldegård wa Sweden, ndani ya Porsche 911 Carrera RS, akawa wa pili. Mwaka 1976 Lancer zikazoa nafasi zote tatu za kwanza, Joginder akiongoza.