Bidhaa za jikoni zinazotunza mazingira: Zipi zinarudisha mtaji?

WAFANYABIASHARA wa vyombo vya nyumbani wanaotaka kuingia katika biashara ya bidhaa za jikoni zinazotunza mazingira wanashauriwa kuanza na swali moja kabla ya kutoa fedha: je, bidhaa hiyo inampunguzia mlaji matumizi, na itachukua siku ngapi kurudisha bei yake? Bidhaa inayojibu swali hilo hutoka dukani haraka. Isiyolijibu, hata ikipakwa rangi ya kijani, hukaa kwenye rafu na kufunga mtaji.

Sababu yake ni ya kawaida. Wanunuzi wengi wa mijini hununua nishati kidogo kidogo, kwa kopo au ndoo ya mkaa. Msitu ni mali ya wote, lakini kopo la mkaa hulipiwa na mfuko mmoja. Mfuko huo ndio unaoamua.

MAJIKO BANIFU

Jiko banifu la mkaa linalofahamika zaidi Afrika Mashariki lilitokea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wabunifu walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand na kulioanisha na kazi ya mafundi wa jua kali. Nje ni bati lililobanwa kiunoni. Ndani ni ganda la udongo wa kuchoma lenye matundu. Udongo huzuia joto lisipotee pembeni, kama linavyopotea katika jiko la bati tupu, na kilango cha chini hudhibiti hewa. Likitengenezwa vizuri, jiko hilo hupunguza matumizi ya mkaa kwa theluthi moja hadi nusu.

Chukua mfano wa kaya inayotumia mkaa wa sh. 2,100 kwa siku. Ikiokoa theluthi moja tu, inabaki na sh. 700. Kama jiko la bati tupu ni sh. 7,000 na jiko banifu ni sh. 21,000, tofauti ya sh. 14,000 inarudi katika siku 20. Kuanzia siku ya 21, akiba ni ya mwenye nyumba. Muuzaji anayeweza kumfanyia mteja hesabu hiyo kwa bei za mtaa wake hana haja ya maneno mengi.

Lakini hesabu hiyo inasimama juu ya ganda la udongo. Likipasuka katika wiki ya pili, mteja amekula hasara, na habari hufika kwa majirani kabla ya jiko jingine kuuzwa. Katika bidhaa hii, ubora hafifu huua soko la mtaa mzima.

Kabla ya kununua kwa jumla, mfanyabiashara anaweza kupima mwenyewe. Kwanza, agonge ganda kwa kidole: lililochomwa vizuri hulia kama chungu kizima, lenye ufa hutoa sauti nzito. Pili, asugue kwa kidole kilicholowa maji. Udongo ukiacha tope, haukuiva. Tatu, aangalie kama ganda limeshikana na bati pande zote bila kucheza. Pia akubaliane na fundi, mapema na kwa maandishi, nani atabeba gharama za majiko yatakayopasukia njiani.

Mteja naye aelezwe matunzo. Jiko jipya liwashwe kwa moto mdogo kwanza ili unyevu utoke, na mkaa usizimwe kwa kumwagia maji ndani ya jiko, kwani udongo wa moto ukikutana na maji hupasuka. Aambiwe pia kwamba jiko banifu hupunguza mkaa, lakini haliondoi hewa ya sumu. Lisitumike katika chumba kilichofungwa.

MKAA MBADALA

Jina hili hubeba bidhaa tofauti. Upo unaotengenezwa kwa vumbi la mkaa au vifuu vya nazi, na upo unaotokana na makaa ya mawe yanayochimbwa ardhini. Muuzaji aulize umetengenezwa kwa nini, kwa sababu mteja atauliza hivyo hivyo. Mkaa mbadala mzuri huwaka muda mrefu na kufaa vyakula vya kuchemka polepole kama maharage, ingawa huchelewa kushika moto. Uliokaushwa vibaya hutoa moshi na kumomonyoka ndani ya gunia, na hasara hiyo ni ya mwenye duka.

PRESHA ZA UMEME

Jiko la presha la umeme la wati 1,000 likiwaka saa nzima bila kupumzika hutumia uniti 1. Kwa kuwa hupunguza au kukata umeme lenyewe presha ikifika, matumizi halisi huwa chini ya hapo. Kikwazo ni bei ya kuanzia, ambayo wengi hawawezi kuitoa kwa mkupuo. Muuzaji asiye na mpango wa malipo ya awamu na asiye na mpira wa mfuniko wa akiba asiagize nyingi.

VIKAPU NA SHERIA

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata Juni 1, 2019. Aliyekuwa na shehena yake ghalani alibaki na mzigo usiouzika. Kikapu cha ukili hakikuguswa, na kilipata nafasi mpya sokoni.

Somo hilo linahusu majiko pia. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Tanzania Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mkaa hautatoweka majikoni kesho, na jiko banifu bado lina kazi ya kufanya. Hata hivyo, anayekopa fedha za miaka mingi kujenga karakana ya majiko ya mkaa pekee anaelekea mahali ambapo sera inaondoka.

Kwa mwenye mtaji mdogo, njia salama ni kununua majiko banifu machache yaliyopimwa, yanayouzika ndani ya mwezi mmoja au miwili, na kuelekeza sehemu ya faida kwenye presha za umeme na vipuri vyake. Wateja watakaorudi kushukuru kwa jiko ndio wa kwanza kuuziwa presha.