Mtoto Akikesha, Nani Akeshe Naye?

Katika vijiji vya wavuvi vya Mwanza kama Igombe na Kayenze, usiku wa familia hupangwa na mwezi. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Siku za giza baba huondoka jioni na mtumbwi na kurudi alfajiri. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa, mitumbwi hutulia ufukweni naye hulala nyumbani. Mtoto wa wiki 5 hana habari na hesabu hiyo. Analia saa sita usiku, analia tena saa nane na saa kumi, na siku za giza mama yuko naye peke yake, akijua kwamba kukicha kuna dagaa wa kuanika.

Mama huyo akifika kliniki kwetu, swali lake la kwanza huwa ni ampe mtoto dawa gani ili alale. Jibu langu nalitoa mapema: mtoto anayenyonya vizuri, anayeongezeka uzito na asiye na dalili ya ugonjwa hahitaji dawa ya kulala, na hakuna iliyo salama kwake. Mambo yanayoweza kurekebishwa ni mawili, namna mchana wake unavyokwenda, na idadi ya watu wazima wanaoshika zamu ya usiku. Hilo la pili ndilo linalosahaulika zaidi.

Tuanze na usingizi wenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miezi 4 anahitaji saa 14 hadi 17 za usingizi kwa siku, na wa miezi 4 hadi 11 saa 12 hadi 16, pamoja na usingizi wa mchana. Saa ni nyingi, ila zinakuja vipande vipande. Mzunguko mmoja wa usingizi wa mtu mzima huchukua kama dakika 90. Wa mtoto mchanga ni kati ya dakika 50 na 60, na karibu nusu ya usingizi wake ni ule mwepesi ambao macho yanacheza chini ya kope, uso unakunjamana, anaguna na kurusha mikono. Wazazi wengi humnyanyua hapo wakidhani ameamka, kumbe alikuwa bado amelala na wao ndio waliomwamsha. Subiri kidogo kabla ya kumgusa, mara nyingi atazama tena usingizini mwenyewe.

Halafu kuna njaa. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama husagika haraka, kwa hiyo kuamka kunyonya usiku katika miezi ya mwanzo ni haki yake. Tena prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku. Mama anayenyonyesha saa nane usiku anauambia mwili wake uendelee kutengeneza maziwa.

Ile saa ya mwili inayomfanya mtu asinzie giza likiingia, mtoto hazaliwi nayo ikiwa imekamilika. Alipokuwa tumboni alitegemea melatonini ya mama, homoni ya giza, iliyomfikia kupitia kondo la nyuma. Baada ya kuzaliwa hupita wiki nyingi, kwa kawaida hadi karibu miezi 3, kabla ya mwili wake kuanza kuitengeneza kwa mpangilio. Katika kipindi hicho maziwa ya usiku humsaidia, kwa sababu yana melatonini na ya mchana yana kidogo mno.

Hapa ndipo mchana unapohusika. Nenda soko la Mwaloni Kirumba asubuhi uone akina mama wanaopima, wanaopakia na kubishana bei za dagaa wakiwa na watoto mgongoni. Joto la mgongo na mwendo wa mama humlaza mtoto saa tatu, hata nne mfululizo. Kazi inakwenda, mtoto hasumbui, na mama hana sababu ya kumwamsha. Jioni inafika akiwa amenyonya mara chache tu, na usiku anadai kila alichokosa. Watu wanasema mtoto amegeuza usiku kuwa mchana, ilhali ratiba ya sokoni ndiyo iliyomgeuzia.

Simwambii mama huyo aache mbeleko. Kumbeba mtoto ni jambo jema, na sayansi imelifikia polepole jambo ambalo bibi zetu walilifanya siku zote. Utafiti uliofanywa Montreal na kuchapishwa 1986 ulionyesha kwamba watoto waliobebwa kwa saa nyingi zaidi kwa siku walilia pungufu kwa asilimia 43 walipofika wiki 6. Ninachomwomba ni amshushe kila baada ya saa mbili au tatu za mchana, amnyonyeshe ashibe, aongee naye, amwonyeshe mwanga wa jua akiwa kivulini. Usiku afanye kinyume chake. Televisheni izimwe, taa iwe hafifu ya kuonea tu, mtoto anyonyeshwe bila mazungumzo, nepi ibadilishwe ikiwa ina choo au imelowa sana. Nyumba nyingi za chumba kimoja huacha taa kubwa ikiwaka hadi asubuhi, na mtoto hawezi kujifunza giza ambalo halioni.

Kuna mbinu moja ninayopenda kuwafundisha akina baba, kwa sababu haihitaji maziwa. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani walichapisha matokeo yao kuhusu kumtuliza mtoto anayelia: mbebe kifuani, tembea naye dakika 5 bila kusimamasimama, akishasinzia kaa naye chini dakika 5 hadi 8 nyingine, ndipo umlaze. Wengi humlaza mara tu anapofumba macho, akiwa bado kwenye usingizi mwepesi, naye anashtuka mgongo ukibanduka kwenye mkono.

Nije kwenye kilio. Kilio cha mtoto mchanga huongezeka kuanzia wiki ya 2, hufika kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupungua hadi miezi 3 au 4. Huwa kibaya zaidi jioni na mwanzoni mwa usiku. Anakunja miguu, tumbo linakuwa gumu, uso unaiva. Nyumbani huitwa mchango, na bibi anayeona dalili hizo anaona sawasawa. Tunatofautiana naye kwenye kikombe kinachofuata.

Mama mmoja wa Igombe alinifungulia mkoba wake mezani. Mlikuwa na kichupa cha maji ya mizizi ya rangi ya chai ya rangi, mdomo wake umefungwa kwa kipande cha nailoni. Chupa ya dawa ya mafua, ile wengi wanayoiita Piriton, ilikuwa imebaki robo. Mlikuwa na kijiko cha plastiki, na mtoto alikuwa na uzi mweusi mkononi. Nilimvua nguo nikampima, nikafungua kadi yake ya kliniki: mstari wa uzito ulikuwa ukipanda vizuri kabisa. Mtoto alikuwa na afya. Hatari yote iliyokuwa mle chumbani ilikuwa ndani ya mkoba.

Dawa za mafua na mzio humlevya mtoto, naye anaonekana amelala. Promethazini, ambayo nayo hutumiwa hivyo, imekatazwa kwa watoto wa chini ya miaka 2 kwa sababu inaweza kusimamisha pumzi. Maji ya mizizi hayana kipimo, huchukua nafasi ya maziwa, na ini la mtoto bado changa. Ile dawa ya tumbo ya chupa inayouzwa kila duka ilibuniwa Uingereza na mfamasia William Woodward mwaka 1851, na kwa miaka mingi ilikuwa na pombe ndani yake, jambo ambalo huenda linaeleza sifa yake ya kuwatuliza watoto. Asali usimpe kabla hajatimiza mwaka, inaweza kubeba vijidudu vinavyopooza misuli ya mtoto. Na uji wa miezi 3, ule wa kumshibisha alale? Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2018 ulikuta kwamba watoto walioanzishiwa chakula mapema walilala zaidi kwa kama robo saa tu kwa usiku. Kwetu, ambako maji ya ziwani mara nyingi hayajachemshwa, robo saa hiyo inaweza kulipwa kwa kuhara. Hadi miezi 6, maziwa ya mama yanatosha.

Yapo mawili yanayoniumiza kuliko hayo yote. Mtoto analia usiku, ana homa kidogo au anaharisha, anapelekwa kwa mtu anayesema ana meno ya plastiki, na fizi zake zinachokolewa hadi vichipukizi vya meno vinatolewa. Mwingine anakatwa kimeo kwa kisu kilichokata wengine kabla yake. Wanakuja kwetu wakiwa wamepoteza damu, wana usaha, wengine hawawezi tena kunyonya. Hakuna meno ya plastiki. Uvimbe mweupe kwenye fizi ni jino linalojitengeneza, na kimeo hakijawahi kumnyima mtoto usingizi kwa kuwepo mahali pake.

Vipo vilio ambavyo si vya kusubiri asubuhi. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, nenda kituoni usiku huohuo ikiwa amekataa kunyonya, ana joto la 37.5 au zaidi, amekuwa baridi isivyo kawaida, amepata degedege, amelegea hachezi mpaka aguswe, kifua kinabonyea akivuta pumzi au anapumua mara 60 na zaidi kwa dakika. Kwa umri wowote, ongeza utosi uliovimba, matapishi ya kijani na damu kwenye choo. Kanda ya Ziwa bado ina malaria, kwa hiyo homa ipimwe, isikisiwe, na chandarua kisitoke kitandani hata siku za joto.

Kuna ugonjwa mwingine ambao ukanda wetu unapaswa kuufikiria kuliko wengine, nao ni selimundu. Kwa mwaka huzaliwa nchini takribani watoto 11,000 wenye ugonjwa huu, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu zilizoelemewa zaidi. Dalili huanza kujitokeza karibu na miezi 6. Mtoto aliyekuwa akilala vizuri anaanza kulia akiguswa, na ukiangalia viganja na nyayo unakuta zimevimba. Ukiona hivyo usimkande wala usimchanje chale, mpeleke akapimwe damu. Hospitali ya Bugando ina kliniki ya wagonjwa hawa, na matibabu yakianza mapema yanabadilisha maisha ya mtoto.

Kuhusu mahali pa kulala: chali, juu ya godoro lisilobonyea, bila mto wala blanketi zito usoni. Kulala kitanda kimoja na mama ni kawaida yetu na hurahisisha kunyonyesha, ila aliyekunywa pombe asilale hapo, na mtoto njiti alale pembeni kwenye nafasi yake. Usiku wa Mwanza hauhitaji kofia, soksi na mablanketi matatu. Watoto wengi wanaolia wameloa jasho. Mvua za masika zikiingia, jiko la mkaa lisilazwe ndani kwa ajili ya joto, kwani hewa yake huua bila harufu.

Sasa zamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya siku 84 zenye malipo, na baba siku 3. Mwanamke anayeanika dagaa hana hata moja. Tunamwambia alale mtoto anapolala, na dagaa ataanika nani? Kwa hiyo familia ipange kwa uwazi kabla mtoto hajazaliwa. Siku za giza, dada, wifi au mama mkwe aje alale pale, amchukue mtoto akishanyonya, amcheulishe na kutembea naye, au asubuhi ashike dagaa ili mama apate saa tatu mfululizo za usingizi. Siku za mbalamwezi, baba achukue kipande chake cha usiku. Mvuvi anayeweza kukesha ziwani anaweza kukesha nusu usiku nyumbani kwake.

Na kama mama yuko peke yake, kilio hakikomi na anahisi hasira inampanda, amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje dakika chache, avute pumzi, aite jirani. Kumtikisa mtoto kwa nguvu huvuruga ubongo na huweza kumuua. Mama asiyelala hata mtoto akilala, anayelia kila siku, anayejiona hafai au anayefikiria kujidhuru, ana ugonjwa wenye tiba. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zinamleta kliniki kwa vyovyote vile. Baada ya kuangalia uzito wa mtoto, muuguzi amuulize na yeye analalaje, na aliyemsindikiza asimjibie.